Mzae wa Yogananda Alilipwa Rupia 125,000 Akasahau Kuambia Familia, na Kama Wewe ni Treda Hii Stori Inakuhusu

Kama umewahi kukesha na simu mkononi saa nane usiku, chati inashuka tu na doo ya renti ndiyo iko ndani ya hiyo akaunti, kaa hapa kidogo. Nataka kukupea stori ya msee wa India aliyekufa 1952, na kitabu chake cha yoga ambacho hakina hata ukurasa mmoja wa kukufunza foreksi.

Anaitwa Paramahansa Yogananda. Kitabu ni Autobiography of a Yogi, kilichotoka New York mwaka wa 1946. Pengine ulikisikia kupitia Steve Jobs wa Apple. Jobs alikisoma akiwa kijana, akawa anakirudia kila mwaka, na wageni waliohudhuria ibada ya kumkumbuka 2011 kila mmoja alienda nyumbani na nakala. Shida ni kwamba wasee wengi wakishataja Jobs wanaachia hapo, na ile sehemu ya maana kwako iko mwanzoni kabisa, kwa stori ya mzae wake Yogananda.

Huyo mzee, Bhagabati Charan Ghosh, alikuwa mkubwa katika kampuni ya reli ya Bengal-Nagpur. Alipofika wakati wa kustaafu, mhasibu akatoka Uingereza kuja kukagua vitabu vya kampuni. Akashangaa. Mzee alikuwa amepiga kazi ya watu watatu miaka yote hiyo na hakuwahi kuitisha marupurupu yake. Kampuni ilikuwa na deni lake la rupia 125,000, na enzi hizo hiyo ilikuwa pesa ya kufanya mtaa mzima usilale. Wakamwandikia hundi. Akaipeleka benki, akaendelea na maisha. Familia ilikuja kujua baadaye sana, wakati kijana wake mdogo, Bishnu, aliona hiyo namba kwa taarifa ya benki akauliza ni nini hii. Mzee akamweleza kwamba faida isikupandishe na hasara isikushushe, kwa sababu ulikuja duniani bila kitu na utatoka vivyo hivyo.

Sasa jiangalie. Ukipata dola hamsini Jumatatu, mbogi yote inaona skrini yako kwa status kabla ya saa sita. Jumanne ukipoteza thelathini, unaongeza dau mara tatu ndiyo urudishe haraka. Akaunti nyingi huchomeka hapo, na ukifuatilia vizuri utapata moto uliwashwa Jumatatu, wakati ulikuwa unajiona mfalme.

Yogananda mwenyewe hakuzaliwa na huo utulivu. Alizaliwa Gorakhpur tarehe 5 Januari 1893, jina la nyumbani Mukunda Lal Ghosh. Mathe yake alikufa akiwa na miaka kumi na moja tu, na hiyo ilimvunja. Akawa mtu wa kuhepa nyumbani akitafuta milima ya Himalaya, na bro yake mkubwa, Ananta, akawa mtu wa kumrudisha. Mwaka wa 1910 akapata mwalimu, Sri Yukteswar, mzee mkali asiyebembeleza mtu. Unadhani kijana alitulia? Alihepa tena! Safari hii akafika kwa mtawa mmoja anaitwa Ram Gopal, na huyo akamuuliza kama kwao ana chumba kidogo anaweza kufunga mlango akabaki peke yake. Kijana akasema anacho. Basi akaambiwa hiyo ndiyo pango lake, hiyo ndiyo Himalaya yake. Akarudi na aibu kwa Sri Yukteswar akingoja kufokewa, na mzee akamkaribisha jikoni watafute chakula kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wewe Himalaya yako ni mfumo mpya kila wiki, na kundi lingine la Telegram lenye signo za bei. Ule wa kwanza hata hukuupa mwezi.

Kuna sura moja nakuomba usiibebe hadi sokoni. Ananta aliwahi kumpa changamoto: aende Brindaban na beste yake Jitendra bila rupia hata moja, wasiombe mtu, wasikose mlo, na warudi Agra kabla ya usiku wa manane. Wakapekuliwa mifuko pale stesheni. Jitendra alikuwa anatetemeka, akaitisha hata rupia moja ya dharura. Watu wasiowajua wakawalisha hadi wakashiba, mwingine akawapa pesa na tiketi za kurudi. Ni stori tamu, na kitabu kimejaa miujiza kuliko hiyo, uiamini au usiiamini. Lakini mwenye keja hajasoma hiyo sura.

Mwaka wa 1920 alialikwa kongamano la dini huko Boston. Nauli aliandikiwa hundi na nani? Mzae yule yule. Marekani ikamkubali: Januari 1925 alijaza ukumbi wa Los Angeles wa watu elfu tatu, mwaka huo huo akapata makao juu ya Mount Washington, na 1927 akapokelewa Ikulu ya White House na Rais Coolidge. Halafu soko likageuka. 1928 mkuu wa karao wa Miami alimzuia kuhutubia. 1929 Dhirananda, rafiki wa tangu utotoni aliyekuwa mkono wake wa kulia, akamwacha, na baadaye wakapatana kortini juu ya pesa. Uchumi wa Marekani ukaanguka, na madeni yakakaba makao yake. Hakufunga. Alipunguza, akaendelea kufundisha darasa lililokuja, kubwa au dogo.

Kwa hayo madarasa ndipo 1932, Kansas City, aliingia James Lynn. Huyu alikuwa amezaliwa maskini huko Louisiana akaomoka kwa bima na mafuta, lakini mwili wake ulikuwa mzima wa wasiwasi, hata kukaa kitini ametulia ilikuwa kazi. Alikuwa na kila kitu unachokitafuta kwa hiyo simu, isipokuwa usingizi. Akajifunza kuketi. Hakuacha biashara, na pesa yake ndiyo iliyokuja kuokoa kazi ya Yogananda, pamoja na makao ya Encinitas kando ya bahari, ambako sehemu kubwa ya kitabu iliandikwa.

Yogananda alikufa tarehe 7 Machi 1952 katika hoteli ya Biltmore, Los Angeles, akimaliza kuhutubia kwenye karamu ya balozi wa India. Usukani haukuenda kwa mtawa kutoka kwao. Ulichukuliwa na Lynn, yule msee wa bima.