Mkono wa Livingstone

Wengi wetu tulifika Dzaleka tukiwa na alama mwilini: za panga, za moto, za risasi. Wako ndugu ambao hata ibadani hufunika kovu kwa kitambaa. Ndiyo maana nawaletea habari za David Livingstone, hasa mkono wake.

Alizaliwa mwaka 1813 Blantyre, Scotland. Blantyre ya hapa Malawi imepewa jina la kwao. Mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini, simba alimrukia akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto, karibu na bega. Mwalimu Mebalwe akainua bunduki. Simba akamwacha Livingstone, akamwuma Mebalwe paja. (Jina la Mebalwe husahaulika, nasi tulikumbuke.) Mfupa haukuunga vizuri. Tangu siku hiyo kuinua mkono juu kulimshinda. Na mkono huo huo alimwoa Mary Moffat mwaka 1845, akavuka bara kwa miguu na mitumbwi, akafika Ziwa Malawi mwaka 1859.

Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao wakazika moyo wake pale, wakakausha mwili, wakaubeba hadi Bagamoyo. Chuma huyo alikombolewa utumwani akiwa kijana, mwaka 1861, katika nchi hii hii tuliyokimbilia.

Mwili ulifika London mwaka 1874, sura haitambuliki tena. Daktari William Fergusson akaupima mkono wa kushoto, akakuta pale mfupa ulipovunjwa na simba. Akajua ni yeye.