Bibi Salme na mimba ya hofu

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alitoroka Agosti 1866 akiwa mjamzito, akihofia maisha yake. Alijifungua Aden, mbali na ndugu. Mtoto akafariki 1867 wakiwa safarini kwenda Ujerumani. Si haki kusema hofu ndiyo iliyomuua. Mwaka 1870 akafiwa na mume huko Hamburg, akabaki na watoto watatu, kitindamimba wa miezi michache. Hao wote walikua wakawa watu wazima.

Msongo mkali wa muda mrefu kwa mjamzito humwongezea mtoto uwezekano wa kusumbuliwa na wasiwasi baadaye, ingawa wengi hukua salama. Mama wa Iramba au Manyoni, ukikosa usingizi na kulia kila siku, mweleze mkunga kliniki, hata presha ikiwa nzuri.