Osborne Reynolds na Siri ya Mafuta

Sugua viganja vyako kwa nguvu. Vinapata joto, sivyo? Joto hilo huletwa na msuguano. Sasa fikiri juu ya garimoshi la karne ya 19 lenye mabehewa mazito. Mihimili ya magurudumu yake ilizunguka ndani ya beringi. Metali iliposuguana na metali, beringi iliungua na safari ikakwama. Kwa hiyo mafundi walitia mafuta, lakini hawakuelewa vema jinsi yanavyofanya kazi. Aliyefumbua fumbo hilo ni Osborne Reynolds.

Reynolds alizaliwa Belfast, Ireland, mwaka 1842. Baba yake alikuwa mwalimu aliyependa sana mambo ya mashine. Kabla ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kijana huyo alifanya kazi katika karakana ya mhandisi. Mwaka 1868 aliteuliwa kuwa profesa wa uhandisi mjini Manchester, Uingereza.

Mwaka 1883 mhandisi mwingine, Beauchamp Tower, alieleza jambo la ajabu. Alikuwa ametoboa tundu juu ya beringi ili atie mafuta. Mhimili ulipozunguka, mafuta yalipanda na kutoka tunduni. Akaliziba kwa kizibo laini; kikasukumwa nje. Akaliziba kwa kizibo cha mti, nacho kikatoka. Je, nguvu hiyo ilitoka wapi?

Reynolds alitafuta sababu kwa njia ya hesabu, na mwaka 1886 alitoa jibu. Kati ya mhimili na beringi mna mwanya mdogo, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, mfano wa kabari. Mhimili uzungukapo, huyavuta mafuta na kuyaingiza penye wembamba. Mafuta yakibanwa hapo, mgandamizo wake huongezeka hata hubeba mzigo wote. Basi metali haigusi metali; kati yake pana utando mwembamba wa mafuta. Mhimili ukisimama, utando huo hutoweka.

Reynolds alifariki mwaka 1912. Hata leo wahandisi hutumia hesabu zake wanapobuni beringi za injini na mitambo ya umeme. Zipo pia beringi ambazo utando wake si wa mafuta bali wa hewa.

Maswali
1. Kwa nini vizibo vya Tower vilisukumwa nje?
2. Mwanya wenye umbo la kabari una faida gani?
3. Mashine huweza kuchakaa zaidi inapoanza kuzunguka. Eleza sababu.