Penfield, daktari aliyempasua dada yake

Huku kwetu mpakani mtu akianguka kifafa sokoni, watu humkimbia wakiogopa povu. Povu lile haliambukizi. Nalisema mapema kwa sababu ninayemwandika leo, Dk. Wilder Penfield, aliutumia umri wake wote kwa wagonjwa wa namna hiyo.

Alizaliwa Spokane, Marekani, mwaka 1891. Mwaka 1928 alihamia Montreal, Canada, na mwaka huo huo likamfika jambo zito. Dada yake Ruth, aliyekuwa akianguka tangu ujana, aligundulika ana uvimbe kichwani. Penfield alimpasua mwenyewe. Aliondoa sehemu kubwa ya ubongo wa mbele upande wa kulia, lakini uvimbe haukuisha. Ruth alirudi kwa watoto wake akiwa mchangamfu kama zamani. Lakini siku moja alipotaka kumwandalia kaka yake chakula, alishindwa kupanga kipi kitangulie jikoni na kipi kifuate. Alifariki mwaka 1931. Sijui ni wangapi kati yetu wangeshika tena kisu baada ya hapo.

Penfield aliendelea kutafuta fedha. Mfuko wa Rockefeller ulitoa zaidi ya dola milioni moja, na mwaka 1934 ikafunguliwa Taasisi ya Neva ya Montreal: wodi, maabara na chumba cha upasuaji chini ya paa moja.

Humo mgonjwa alichomwa ganzi ya kichwani tu, akabaki macho, maana ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Daktari aligusa hapa na pale kwa umeme mdogo, mgonjwa akieleza kama kidole kimecheza au kama anasikia muziki. Kila mahali paliwekwa kikaratasi chenye namba. Ndivyo walivyojua pa kukata na pa kuacha.

Baadaye alijiunga naye Herbert Jasper, mtaalamu wa mashine ya kupima umeme wa ubongo. Sasa mahali kifafa kinapoanzia palitafutwa kabla ya kisu. Wodi za leo zinazomwangalia mgonjwa kwa kamera usiku na mchana zinafuata njia hiyo.

Wengi hawahitaji kupasuliwa. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa ifaayo. Mfanyabiashara anayevuka mpaka kwa wiki mbili abebe vidonge vya kutosha. Kuvikatiza ghafla huleta kifafa kikali.

Penfield alifariki Montreal mwaka 1976, akiwa na miaka 85.