Nyumba ya Fundi wa Usambiro

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kumbukumbu la Torati 6:4–9, Mathayo 5:44, Matendo 17:30, 18:1–4, 2 Timotheo 1:5, 3:14, 15, 1 Wathesalonike 4:13–18.

Fungu la kukariri: 2 Timotheo 3:14, 15.

Kageye, katika wilaya ya Magu, haiko mbali na jiji la Mwanza. Hapo ndipo wamisionari wa kwanza waliotumwa Uganda na chama cha Church Missionary Society cha Uingereza walipofika ziwani mwaka 1877. Mmoja wa kundi lao alikuwa fundi wa mitambo kutoka Uskoti, Alexander Mackay. Hakuwa mchungaji wala tabibu. Watu walimzoea akiwa na nyundo na msumeno mkononi, wakamwita mzungu wa kazi. Aliishi Afrika karibu miaka 14 bila kurudi kwao hata mara moja, na mwaka 1890 akafa kwa homa huko Usambiro, kusini mwa ziwa, akiwa na umri wa miaka 40.

Vitabu vingi vimesimulia safari zake na mashauri yake mbele ya wafalme. Somo la juma hili linapita mlango mwingine, mlango wa nyumbani. Tutaitazama nyumba aliyolelewa, nyumba alizojenga kwa mikono yake, na vijana waliokula na kusoma chini ya paa lake. Imani iliyomfikisha kwenye mwambao wetu alifundishwa nyumbani, naye akaipanda nyumbani.

JUMAPILI: Darasa la Baba, Biblia ya Mama

Alexander alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti. Kanisa hilo lilianza mwaka 1843, wakati mamia ya wachungaji walipotoka katika kanisa la taifa kwa sababu hawakukubali wenye mashamba makubwa kuwachagulia washirika mchungaji. Waliotoka waliacha nyumba na mishahara. Katika kanisa la namna hiyo mtoto alijua mapema kwamba dhamiri ina gharama.

Mpaka kijana alipofikia miaka 14, mwalimu wake alikuwa baba. Mchungaji huyo pia aliandika vitabu vya jiografia. Wanakijiji walimwona akisimama njiani na mwanawe, akichora udongoni kwa fimbo: leo hesabu ya maumbo, kesho mkondo wa mto wa Afrika. Masomo yakiisha, mtoto alikimbilia kwa mhunzi na kwa seremala, au akatembea maili kadhaa kwenda kutazama garimoshi. Mama alimsimulia habari za wamisionari.

Mama huyo alifariki mwaka 1865, Alexander akiwa shuleni mbali na nyumbani. Alimwachia Biblia yake aliyopewa na mumewe walipooana, pamoja na ombi kwamba mwanawe ayachunguze Maandiko. Hakuwa na urithi mwingine wa maana zaidi wa kumwachia.

Soma 2 Timotheo 1:5. Imani ya Timotheo ilikuwa imekaa kwanza ndani ya nani? Watoto wa nyumba yako wanaiona Biblia yako ikifunguliwa lini?

JUMATATU: Kaburi la Kageye

Huko Edinburgh kijana alisomea uhandisi. Siku za Jumapili alifundisha watoto maskini katika shule ya Dkt. Guthrie, pamoja na rafiki yake John Smith aliyekuwa akisomea utabibu. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akapata kazi ya kuchora mitambo Berlin. Wengi waliomzunguka kazini waliona dini kuwa jambo la wazee. Mackay alishikilia Biblia na sala, na moyoni akatamani kuwa fundi atakayemtumikia Kristo kwa ufundi wake.

Mwezi Novemba 1875 gazeti moja la London lilichapa barua ya Stanley iliyoomba walimu waende kwa Mutesa, mfalme wa Buganda. Mackay alijitolea, na mwezi Aprili 1876 alipanda meli. Kabla ya kuondoka aliwaonya waliomwaga wasishangae wakisikia baada ya muda mfupi kwamba mmoja wao amekufa. Ilikuwa hivyo. Dkt. John Smith alifariki Kageye mwaka 1877. Mwezi Desemba mwaka huo wenzao wawili, Luteni Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi na watu wa mtemi Lukonge.

Mackay mwenyewe alikuwa amecheleweshwa na ugonjwa, kisha na kazi ya kufungua barabara kutoka pwani hadi Mpwapwa. Alipofika Kageye mwezi Juni 1878, alikuta kaburi la rafiki yake na mizigo iliyoharibika. Hakuandaa kisasi. Alivuka maji kwenda Ukerewe kwa amani, akakaa na Lukonge wakazungumza.

Soma Mathayo 5:44. Ni rahisi kulikariri fungu hili. Je, ni Ukerewe gani ambayo wewe bado hujavuka kwenda?

JUMANNE: Karakana na Meza ya Kusomea

Mwezi Novemba 1878 alifika Buganda. Injili alizosoma mbele ya Mutesa mwanzoni zilikuwa za Kiswahili, kazi ya Askofu Steere wa Zanzibar. Tusisahau kwamba lugha yetu ndiyo iliyobeba Neno hadi kwenye ikulu hiyo.

Nyumba ya misheni ilikuwa Natete. Humo palikuwa na tanuri la mhunzi, meza ya useremala na mashine ndogo ya kuchapa. Herufi zilipopungua, alizitengeneza mwenyewe. Alichimba kisima akaweka pampu, na watu wakaja kushangaa maji yanayopanda juu. Kulikuwa na nyakati mfalme aliposimamisha chakula chao, na wamisionari wakapata riziki kwa kazi ya mikono, kama Paulo alivyoshona mahema Korintho. Wakubwa wa ikulu waliodhani kazi ya mikono ni ya watumwa hawakumwelewa.

Vijana walimwelewa. Walikuja kuona chuma kikifuliwa, wakabaki kujifunza herufi. Asubuhi mvukuto, jioni kurasa za Injili, na katikati maswali yasiyo na mwisho. Kijana mmoja, Sembera, aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe akiomba ubatizo. Mwezi Machi 1882 yeye na wenzake wanne walibatizwa, naye akajichagulia jina la Mackay.

Fundi huyo alikuwa na udhaifu wake. Ulimi wake ulikuwa mkali. Mapadri Wakatoliki walipofika mwaka 1879, alibishana nao mbele ya mfalme, na Mutesa akabaki akijiuliza ni Wakristo gani awaamini. Mabishano hayo hayakumleta mfalme kwa Kristo. Waliovutwa walivutwa karakanani.

Soma Matendo 18:1–4. Mahali pako pa kazi, awe mteja au mwanagenzi, anajifunza nini juu ya Mungu kabla hujamwambia neno?

JUMATANO: Siku ya Nyundo Kunyamaza

Kulikuwa na siku moja katika juma ambayo tanuri la Natete lilikuwa baridi. Mackay aliacha kazi zake, hata kazi za mfalme, akasoma Maandiko na kusali pamoja na wote waliokuja. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, kama alivyofundishwa na wazazi wake na kanisa lake.

Msomaji wa somo hili anajua kwamba Sabato ya amri ya nne ni siku ya saba. Mackay alikufa kabla Waadventista Wasabato hawajafika nchi hii. Wamisionari wetu wa kwanza, Ehlers na Enns, walifika Upare mwaka 1903, na ujumbe ukafika upande wa mashariki wa ziwa miaka michache baadaye. Mungu humhukumu mtu kwa nuru aliyopewa (Matendo 17:30), na hatuna haja ya kumshtaki mtu aliyetembea katika nuru yake yote.

Tuna haja ya kujihoji sisi. Mtu yule aliwategemea wakuu wa nchi kwa usalama wake, na pengine hata kwa chakula, lakini aliweka nyundo chini siku aliyoamini kuwa ya Bwana. Fundi wa Igogo mwenye nuru kamili ya Sabato, mteja akimsihi amalizie kazi Ijumaa jua likiwa linazama, anafanya nini? Mwenye meza ya biashara Makoroboi, simu ikilia Sabato asubuhi kuulizia bei, anajibu nini? Watoto wetu hujifunza uzito wa Sabato kwa kutazama mikono yetu saa hiyo.

Ni maandalizi gani ya Ijumaa ambayo nyumba yako imeyaacha, na yanaweza kurudi juma hili?

ALHAMISI: Watoto wa Nyumba

Mackay hakuoa. Familia yake ilikuwa vijana wa misheni, na hapo ndipo jaribu lake kubwa lilipompata.

Mutesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akarithi kiti. Tarehe 30 Januari 1885 Mackay na mwenzake Ashe walikuwa wakielekea ziwani pamoja na vijana wao. Walisimamishwa na askari njiani, vijana wakakamatwa. Kesho yake watatu kati yao waliteketezwa kwa moto: Makko Kakumba, Noah Serwanga na Yusufu Lugalama. Lugalama alikuwa mtoto aliyetekwa vitani, kisha akapewa uhuru wake na kulelewa misheni. Mwezi Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga. Mwezi Juni 1886, Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki walichomwa kwa pamoja.

Mtu anayefundisha watoto wa wengine, halafu watoto wakafa kwa sababu ya mafundisho hayo, hana usingizi mwepesi. Je, asimamishe masomo ili kuokoa maisha yao? Mackay aliwashauri wasomaji wajifiche, wasitafute kifo. Lakini hakumfungia mlango aliyetaka kusoma. Wengine walikuja usiku. Katika miaka hiyo ya damu alikuwa akichapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda.

Mwezi Julai 1887 alifukuzwa nchini. Mwaka uliofuata wamisionari wote waliobaki walifukuzwa pia. Kanisa halikufa. Waumini wengi walikimbilia Ankole, na huko waliendelea kusoma na kusali wenyewe, kama walivyozoezwa nyumbani Natete.

Kama mchungaji, mzee wa kanisa na jengo vingeondolewa kesho, ibada ya nyumba yako ingeendelea?

IJUMAA: Kujifunza Zaidi

Mackay alihamia Usambiro, akaanza upya: nyumba, karakana, chumba cha kuchapia, mbao za kujengea mashua. Vijana wa Kiganda walikuwa pamoja naye, na tafsiri ya Injili iliendelea mezani.

Mwaka 1888 Mwanga naye alipinduliwa. Mfalme aliyewachoma vijana wa Mackay alivuka ziwa akiwa mkimbizi, akafika Magu, kisha akahifadhiwa na mapadri wa Bukumbi. Mwaka 1889 alimwandikia Mackay barua akiomba msaada. Ingekuwa rahisi kucheka. Mackay hakumlipiza ubaya. Mwishoni mwa mwezi Agosti mwaka huo Stanley alifika Usambiro na msafara mkubwa uliochoka, wakakaa karibu majuma matatu wakitunzwa. Walipoondoka, Stanley alimsihi waende pamoja akapumzike kwao. Mackay alikataa kuiacha kazi wakati hakuna wa kushika nafasi yake.

Mwezi Februari 1890 mwenzake Deekes alikuwa mgonjwa, tayari kusafirishwa, lakini akashindwa kuondoka. Ndipo homa ikamshika Mackay. Baada ya siku chache, tarehe 8, alifariki. Deekes, aliyeweza kusimama kwa shida, alimzika pamoja na vijana wa nyumba. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Udongo uliohamishwa hauna tofauti mbele za Mungu. Biblia inatufundisha kwamba wafu wamelala, hawajui neno lolote, wakingoja sauti ya Mwana wa Adamu (1 Wathesalonike 4:13–18). Siku hiyo John Smith ataamka, aliyezikwa Kageye, na Lugalama ambaye hana kaburi. Mama aliyeacha Biblia yake Uskoti ataona ilikofika.

Maswali ya kujadili

1. Soma Kumbukumbu la Torati 6:4–9. Taja nyakati nne ambazo wazazi wanaagizwa kuzungumza habari za sheria. Katika maisha ya mjini, nyakati hizo ni zipi?

2. Mackay aliwashauri wasomaji wajifiche, lakini hakuacha kuwafundisha. Darasani, jadilini tofauti kati ya busara na woga wakati imani inapoleta hatari.

3. Mabishano na Wakatoliki hayakumvuta Mutesa. Maisha ya nyumbani yaliwavuta vijana. Tunaweza kuutetea ukweli wa Sabato kwa jirani zetu kwa namna gani bila kuanguka katika kosa hilo?

4. Chagueni jambo moja la ibada ya nyumbani ambalo kila familia ya darasa lenu italifanya kuanzia jioni hii, jua linapozama. Sabato ijayo, elezaneni lilivyokwenda.