Samuel Hawken, Fundi wa Bunduki

Katika mji wa Hagerstown, jimbo la Maryland katika Marekani, alikuwako fundi wa bunduki, jina lake Christian Hawken. Wanawe walijifunza kazi ya baba yao tangu utoto. Jacob alizaliwa mwaka 1786, na mdogo wake Samuel mwaka 1792.

Walipokuwa watu wazima, Jacob alitangulia kwenda St. Louis, mji ulio kando ya mto Mississippi. Siku zile mji huo ulikuwa mlango wa nchi za magharibi, na wawindaji walipita hapo kwenda Milima ya Rocky kumtega biva, mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalifanyizwa kofia. Samuel alimfuata ndugu yake mwaka 1822, na tangu mwaka 1825 walifanya kazi kwa shirika.

Wawindaji hao walihitaji silaha ya kutumainiwa. Bunduki za mashariki zilikuwa ndefu na nyembamba, na risasi zake ndogo. Zilifaa kwa kupiga paa msituni. Lakini milimani walikuwako dubu wakali, na nyikani nyati wakubwa. Tena bunduki ya kushindilia hupiga mara moja tu. Mtu akikosa, hana budi kumimina baruti nyingine kinywani mwa kasiba, kuisukuma risasi kwa mdeki, na kutia fataki mahali pake. Na dubu hamngojei.

Basi ndugu hawa walifanya kasiba nene ya pembe nane, fupi kuliko zile za mashariki, yenye mifereji ya kuzunguka ndani ili risasi iende sawasawa. Risasi ilikuwa na upana wa nusu inchi au kuzidi. Bunduki nzima ilikuwa na uzito wa ratili 10 au zaidi, mzigo si haba, ila mpigaji hakurushwa sana nyuma. Vifyatulio vilikuwa viwili: cha nyuma kilivutwa kwanza, ndipo cha mbele kikawa chepesi hata kuguswa kwa ncha ya kidole. Urembo ulikuwa mchache. Kila moja ilitengenezwa kwa mkono, wala hazikufanana kabisa.

Mwaka 1849 kipindupindu kiliingia St. Louis, kikaua maelfu ya watu, na Jacob akafa pamoja nao. Samuel akaendelea peke yake. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 66, alisafiri kwenda magharibi, nchi ambayo bunduki zake zilikuwa zimemtangulia miaka mingi. Akafungua duka Denver, kisha akarudi nyumbani. Mwaka 1862 karakana ya St. Louis ilinunuliwa na John Gemmer, fundi mzaliwa wa Ujerumani.

Siku hizi anayetaka kununua bunduki ya Hawken hutazama kwanza jina lililogongwa juu ya kasiba. Herufi mbili, J na S, ni alama ya siku za ndugu wawili. S peke yake huonyesha kazi ya baadaye. Lakini jina halitoshi. Muhuri ulipita mikononi mwa Gemmer pamoja na vyombo vingine, na wadanganyifu wamegonga jina hilo juu ya kasiba za mafundi wengine. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huondoa vipingo vinavyoshika kasiba, akaiinua kutoka katika mti wake, akatazama sehemu zilizofichwa: je, chuma na mti vimekaa pamoja tangu mwanzo, au vimeunganishwa juzi? Asipofanya hivyo, huenda akatoa mali nyingi kwa kitu ambacho Samuel hakukigusa kamwe.

Moja iliyo ya kweli ni ile ya Jim Bridger, kiongozi mashuhuri wa milimani. Imewekwa katika nyumba ya makumbusho mjini Helena, jimbo la Montana, na juu ya kasiba yake limegongwa jina la S. Hawken. Samuel mwenyewe alifariki St. Louis mwaka 1884, mwenye umri wa miaka 91. Gemmer aliifunga karakana mwaka 1915.