Mwalimu Aliyefichua Mvutano wa Molekuli

Ukibeba mtungi wa gesi kutoka dukani Kitengela utasikia kitu kikichezacheza ndani. Kumbe gesi imekuwa kimiminika! Aliyetufungulia siri hiyo ni Johannes Diderik van der Waals.

Alizaliwa mwaka 1837 mjini Leiden, Uholanzi, kifungua mimba wa seremala mwenye watoto kumi. Akawa mwalimu wa shule ya msingi, huku akijisomea usiku na mchana. Chuo kikuu kilimfungia mlango kwa kuwa hakujua Kilatini wala Kiyunani. Hakukata tamaa. Sheria ilipolegezwa akaingia, na mwaka 1873 akapata udaktari.

Alieleza kwamba molekuli zina ukubwa wake, tena huvutana. Zikisongezwa karibu, mvutano huzishika. Zikiachana, hupungua upesi. Wataalamu waliomfuata walionyesha kuwa molekuli kubwa, zenye elektroni nyingi, huvutana zaidi. Ndiyo maana methani huchemka kwenye nyuzi -162 na butani karibu nyuzi 0, lakini mafuta ya taa hubaki kimiminika hata kwenye jua kali la Magadi, huku kwetu Kajiado.

Mkewe alifariki mwaka 1881, naye kwa huzuni akakaa karibu miaka 10 bila kuchapisha kitu. Mwaka 1910 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Aliaga dunia tarehe 8 Machi 1923.

Basi ndugu msomaji, somo moja likikuzibia njia, usitupe kalamu. Mvumilivu hula mbivu.